Anapiga wa Ngapi?

Kuna swali moja ambalo mimi na mdogo wangu tuliliuliza kwa Kiswahili tu, hata tulipokuwa tunaongea Kiingereza kitupu. Swali lenyewe ni "wa ngapi?" Kiingereza hakina njia fupi ya kuliuliza, ukijaribu unajikuta umezunguka mtaa mzima. Kwetu mtu anakuuliza, "Wewe ni mtoto wa ngapi?" unajibu, "Wa kwanza," na hapo ameshajua nusu ya maisha yako. Mimi ni wa kwanza. Yeye alikuwa wa pili, akaenda kuishi Amerika. Wa tatu ni dada yetu, aliyebaki Kenya na mama. Mimi naishi Hagsätra, kituo cha mwisho cha reli, kusini mwa Stockholm, na sasa mdogo wangu tumeshamzika. Aliniahidi kwamba siku likimpata jambo, mimi ningekuwa wa kwanza kuambiwa. Niliambiwa wa tisa.

Niseme kwanza jinsi namba hizo zilivyoingia katika maisha yetu, maana bila hilo mtu atadhani nimerukwa na akili.

Alipokuwa mwanafunzi alipata kazi ya kuuza karanga kwenye uwanja wa besiboli. Kwa kuwa alilazimika kuutazama mchezo asioujua, aliamua kuujua, na akishaamua jambo huwezi kumtoa. Baadaye, kwenye ghala alikofanya kazi, yeye na wenzake walianzisha ligi ya timu za kubuni. Kila mmoja anachagua kwenye simu wachezaji halisi, wanaocheza kweli huko viwanjani, na chochote watakachofanya siku hiyo kinahesabiwa kwenye timu yako. Majira ya baridi yangu ya kwanza hapa Stockholm, mwenzao mmoja alijitoa. Mdogo wangu akanipigia.

"Mkubwa, kuna timu imebaki yatima. Ichukue."

"Mimi sijawahi hata kuuona huo mchezo."

"Ndiyo maana nakutaka. Natafuta mtu wa kumchapa."

Nikaichukua. Wakati ule nilikuwa natoka nyumbani gizani na kurudi gizani, sijui mtu, na nilikuwa tayari kuchukua chochote ambacho kingenifanya nipigiwe simu kila siku.

Besiboli ni mchezo wa foleni. Wapigaji ni tisa, na kabla ya mechi kocha anaandika karatasi inayosema nani atapiga wa kwanza, nani wa pili, mpaka wa tisa, kisha foleni inaanza upya. Mechi haingoji foleni ikamilike. Ikiisha imeisha, kwa hiyo aliye mbele anaweza kupata zamu tano, na aliye nyuma akapata tatu, ya nne akabaki anaingoja na gongo la kupigia mpira mkononi. Si hilo tu. Mtu anayepiga wa nne huwakuta wenzake wameshafika kwenye vituo, zile pembe za uwanja wanazokimbilia. Akipiga vizuri mara moja anawarudisha wote nyumbani, pale walipoanzia, kila mmoja na pointi yake, na sifa zote zinaandikwa kwake. Mchukue mtu huyohuyo umpeleke nafasi ya nane. Vituo anavikuta vitupu, na nyuma yake amesimama mtu dhaifu, kwa hiyo mrushaji wa wapinzani hana haja ya kumpa mpira mzuri. Mkono ni uleule na jicho ni lilelile. Amesogezwa tu kwenye karatasi, na thamani yake kwenye ligi yetu imeporomoka.

Nilichelewa sana kulielewa jambo hili. Nilikuwa nikimpigia mdogo wangu kumsifia mchezaji niliyemwona ananguruma, naye ananikatiza.

"Usiniambie ni mzuri kiasi gani. Anapiga wa ngapi?"

Karatasi za makocha zilitoka saa chache kabla ya mechi, na kwangu hapa ilikuwa jioni, baada ya chakula. Nilizisoma mezani, sahani bado haijaoshwa. Nikiona mtu wangu amepandishwa kutoka wa saba hadi wa pili, nilifurahi kana kwamba ni mimi nimepandishwa. Akishushwa, niliudhika na kulala nimenuna. Mdogo wangu alikuwa na sheria nyingi za mchezo huu, lakini moja aliirudia kuliko zote. Alisema unaweza kutoka mchezoni kwa namna nyingi, na mbaya kuliko zote ni kusimama na gongo begani ukautazama mpira mzuri ukipita.

Nilikuwa na mpigaji mmoja mnene, wa mkono wa kushoto, niliyempenda tangu mwanzo. Alikuwa wa pili kwenye karatasi ya timu yake. Msimu huu kocha akamshusha mpaka wa nane, na akabaki huko. Kila mtu kwenye ligi angeshamwacha. Mimi ni mbishi, nikamng'ang'ania.

"Huyo umemtundika ukutani kama picha ya babu," mdogo wangu aliniambia.

Labda nilimng'ang'ania kwa sababu ya kazi yangu. Natunza wazee majumbani mwao, kazi wanayoiita hemtjänst, na kila asubuhi simu inaniletea orodha ya nani nimtembelee kwanza na nani baadaye. Kuna bibi mmoja wa Farsta, mwalimu mstaafu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa wa kwanza kwenye orodha yangu. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa kwake, nafungua mapazia, nachemsha kahawa, ananisahihisha Kiswidi changu. Kisha ofisi ikapanga upya, akawa wa sita. Kahawa ilikuwa ileile, mtu ni mimi yuleyule, lakini sasa nilimkuta amelala macho kitandani tangu alfajiri, karibu saa tano, nami nimefika nahema na kuomba radhi. Siku moja aliniuliza polepole, ili nielewe, amefanya kosa gani. Nilipomsimulia mdogo wangu, alisema, "Mrudishe juu huyo mama." Alisema hivyo kana kwamba karatasi naiandika mimi.

Sasa nieleze desturi yetu sisi watu wa huku. Mtu akifiwa na wa nyumbani, haambiwi kwa simu akiwa peke yake kwenye nyumba yake. Familia inatafuta watu hapa mjini, mara nyingi wa kanisani, nao wanakwenda kwake pamoja. Kanisani kwetu tumechanganyika, Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, sisi Wakenya, Kiswahili cha kila namna, lakini katika hili tunaelewana bila maneno. Anayetangulia ni mama mmoja wa Kirundi, mtu mzima, aliyesafisha ofisi za mji huu hadi akastaafu. Yeye anaingia wa kwanza, anamkumbatia mwenye nyumba na kumchukulia simu asije akaiona habari kabla haijasemwa. Wa pili ni mzee wa kanisa, ambaye anaomba. Wa mwisho ni mtu wa kwao mfiwa, anayejua lugha ya mama yake, na huyo ndiye anayelisema neno. Kwa Wakenya wa upande wa kusini wa mji, wa mwisho nilikuwa mimi. Nimelisema neno hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mara moja, Farsta, dada mmoja alifungua mlango, akamwona mama na mzee, kisha akaniona mimi nyuma yao. Akaniambia, "Wewe usiingie." Alidhani nisipoingia neno halitasemwa.

Baba yetu alipofariki, mdogo wangu aliivunja desturi hiyo. Nilikuwa kituo cha basi nikitoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine.

"Uko peke yako?" aliniuliza.

"Niko peke yangu."

"Basi kaa chini, mkubwa. Baba ametuacha."

Nilikaa kwenye benchi lenye theluji, na suruali ikalowa. Dada yetu alimkasirikia sana kwa kuniambia hivyo, mtu mzima niko barabarani. Mimi nilimshukuru. Nilimwambia nisingestahimili kuwafungulia wale watu mlango, maana ninajua kila mmoja wao amekuja kufanya nini. Hapo ndipo tulipokubaliana.

"Mimi likinipata la kunipata, sikutumii watu," alisema. "Nitakwambia mwenyewe. Wewe utakuwa wa kwanza."

"Hata kabla ya mke wako?"

"Hata kabla yake. Ila usimwambie."

Tulicheka wote wawili, na baba hajazikwa.

Msimu huu ulipoanza alitaja kwamba tumbo linamsumbua na atakwenda kulicheki. Nilimwambia apunguze pilipili. Wiki kadhaa baadaye, jioni, nikiwa naosha vyombo, simu ilinijulisha kwamba ananiomba tubadilishane wachezaji. Nilifuta mikono nikafungua. Alitaka yule mnene wangu wa nane. Badala yake alinipa mpigaji wake wa kwanza.

Mtu huyo alikuwa roho ya timu yake. Alikuwa naye tangu kabla mimi sijajiunga, na mwaka mmoja nilimpa wachezaji watatu ili aniachie huyo mmoja, akanicheka. Chini ya ombi aliandika: "Mchukue tu, mkubwa. Nataka akae kwako."

Ninajua sasa namna ambavyo mtu angepaswa kuyasoma maneno hayo. Mimi niliyasoma kama mpinzani. Nikasema moyoni, huyu ananitega. Lazima amesikia jambo, mchezaji ameumia, au kocha yuko mbioni kumshusha. Nilikaa jioni nzima napekua habari za timu ile, nikatafuta kama kuna mguu umeteguka, kama kuna kijana mpya anayekuja kuichukua nafasi ya kwanza. Sikuona kitu. Ndipo nikazidi kushuku. Ombi huwa linakaa wiki moja, kisha linafutika lenyewe. Nikaamua kumwacha aning'inie. Nilitaka anipigie anibembeleze, ndipo nimwulize bei ya huo ukarimu wake.

Hakunipigia. Nami nikajitia hamnazo.

Ombi lilifutika nikiwa ndani ya treni, kituo cha Rågsved, kimoja kabla ya kwangu. Nakumbuka nilitabasamu. Nilijiona mjanja.

Kisha timu yake ikasimama. Mtu mwingine asingeona, lakini mimi nilikuwa naisoma timu yake kila siku kuliko ninavyosoma barua za serikali. Mmoja wa wapigaji wake alishushwa mpaka wa tisa, na mdogo wangu hakumwondoa kikosini. Siku tatu baadaye huyo mpigaji hakuwekwa kwenye karatasi kabisa, na mdogo wangu bado alikuwa amemwanika kikosini kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Katika miaka yote hiyo hajawahi kufanya hivyo. Nikamshinda wiki ile, mara yangu ya kwanza msimu mzima, nikafurahi kipumbavu. Nilimwandikia: "Umelala? Hata yatima amekuchapa."

Hakujibu. Nikapiga simu, akapokea mkewe.

"Amelala," aliniambia. "Amechoka sana siku hizi."

"Mwambie nimemchapa."

Akasema, "Nitamwambia, shemeji."

Mimi, ninayeweza kukwambia mchezaji ameanza kuishiwa kwa kuona tu amesogezwa nafasi moja, nilisikia "amelala" nikaamini amelala.

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimerudi kutoka kazini mapema, mvua inanyesha ile nyembamba isiyokwisha, nimevua viatu nimeweka maji ya chai. Kengele ililia. Nikafungua mlango.

Mbele alisimama yule mama wa Kirundi, na chupa ya chai mkononi. Nyuma yake mzee wa kanisa, na suti siku ya kazi. Nyuma ya mzee, kofia imelowa, alisimama mtu wa kwetu anayeishi Jakobsberg, upande mwingine kabisa wa mji. Tumefahamiana miaka na hajawahi kufika kwangu. Mtu wa Jakobsberg haji Hagsätra Jumanne mchana kunywa chai. Nilimtazama aliposimama, nafasi ya mwisho, nafasi yangu, nikawa nimeshaisoma karatasi yote.

"Hodi, mwanangu," mama akasema. "Tumekuja kukuona."

Nilitaka kumwambia yule wa nyuma asiingie. Nikamkumbuka dada wa Farsta, nikapisha njia.

Wakaingia kwa zamu yao. Mama alinikumbatia kwa nguvu, mkono wake mmoja tayari ukiitafuta simu. "Iko wapi simu yako? Lete mama akushikie." Nikampa. Mzee aliomba sala ndefu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini wanaifanya ndefu. Maji ya chai yakachemka, hakuna aliyenyanyuka. Kisha mtu wa Jakobsberg akasogeza kiti chake, akashika goti langu, akaanza kwa lugha ya nyumbani, kama ambavyo mimi huanza.

"Ni mdogo wangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka yeye kabla yangu.

Najua mtu husema mambo ya ajabu saa hiyo. Nimewahi kuona mtu akiuliza kama dukani kumefungwa. Mimi niliuliza, "Na mimi ni wa ngapi?"

Wakatazamana. Nikarudia, kwa sauti sasa, nimekasirika. "Nauliza, mimi ni wa ngapi?"

Mtu wa Jakobsberg alidhani majonzi yamenichanganya. Alinijibu taratibu kama anayemjibu mtoto. "Wewe ni wa kwanza. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba yenu."

"Ni weye wa kwanza, mwanangu," mama naye akasema. "Jikaze."

Nilicheka vibaya, wakashtuka. Walipoondoka, nilihesabu. Kwanza mkewe, halafu mchungaji wao wa huko. Kisha dada yetu, na mjomba, aliyekwenda nyumbani kumwambia mama. Mama mwenyewe. Hao ni watano. Kisha hawa watatu waliokuwa kwenye viti vyangu. Mimi nikaja wa tisa, mkia wa foleni, habari imeshapita kwenye midomo yote ikanifikia imepoa. Nilimlaumu mkewe. Nilimlaumu dada yangu. Nilimlaumu zaidi marehemu, na lawama hiyo niliibeba kwenye ndege mpaka Nairobi, nikaibeba kwenye gari mpaka nyumbani, na tulipomshusha kaburini nilikuwa bado nayo.

Kesho yake vijana walikuwa wanakunja mahema. Mimi na shemeji yangu tulikuwa tumekalia viti vya plastiki ambavyo havijarudishwa. Ndipo nikamwambia. Sikumwambia kwa upole.

"Tulikubaliana ataniambia mimi kwanza."

Alinigeukia kama ambaye hajasikia vizuri. "Lakini alikwambia."

"Nani aliniambia?"

"Yeye. Siku aliyopewa majibu ya vipimo vya tumbo. Alikwenda kwa daktari peke yake, akatoka akakaa ndani ya gari pale kwenye maegesho. Mimi nilijua kesho yake jioni, shemeji. Niliumia, kwa nini nimepitwa. Akasema nisikasirike, wewe amekutumia habari akiwa palepale kwenye gari, mlikuwa na ahadi. Alisema hakuweza kupiga, sauti ilikataa, lakini ameandika kwa namna ambayo utaelewa." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Ndiyo maana ulipopiga ukasema umemchapa, nilishangaa. Nikasema labda ndivyo mnavyofarijiana."

Nilitoa simu. Ombi lililofutika halipotei, linabaki chini kabisa kwenye kumbukumbu za ligi. Nilimwuliza siku ile ilikuwa siku gani, akanitajia. Ilikuwa ndiyo siku ya ombi lile. Mchana wake, jioni yangu, vyombo viko kwenye sinki. *Mchukue tu, mkubwa. Nataka akae kwako.* Aliniandika juu kabisa ya karatasi, kabla ya mke, kabla ya mama, akanirushia mpira mzuri polepole, nami nikasimama na gongo begani wiki nzima nikiutazama.

Shemeji alikuwa ananiangalia.

"Kila siku alikuwa anaomba simu yake aone kama umejibu," alisema. "Mwishoni mimi ndiye nilikuwa nimeishika. Sikuwahi kumwuliza. Ulimjibu nini?"

Nikamwambia nilikubali.